Sensa ‘iliyokufa’ ilivyonilia karo ya binti yangu

MVUA ilikuwa ikinyesha Jumamosi moja ya Mei 2024 nilipopita Kayabwe, pale Ikweta inapokata barabara ya Kampala kwenda Masaka. Nilikuwa nakwenda kumwona mama. Nilipoingia Lwera gari likapiga shimo, na papo hapo taa mbili za manjano zikawaka kwenye dashibodi: ya ABS na ile yenye picha ya gari linaloteleza.

Gari halikuzimika, na breki zilishika. Lakini ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki ghafla, ulikuwa umejitoa kazini, nami niko kwenye lami iliyoloa, malori mbele na nyuma. Nilijikokota hadi Lukaya. Sikununua hata kuku, na wasafiri wa njia ile watajua nilivyokuwa nimetishika. Nilipowasha tena, taa zikazimika. Kabla ya Masaka zikarudi.

Jumatatu nikaenda gereji moja hapa Kampala. Kijana alichomeka mashine chini ya usukani, ikaandika U0126. Akanisomea: mawasiliano na sensa ya pembe ya usukani yamepotea.

“Sensa imekufa, mzee. Tuweke nyingine,” akasema.

Bei ilikuwa Sh650,000 pamoja na kazi, tena kwa sensa ya mtumba. Sikubisha. Mashine imesema, mimi nani? Nikatoa Sh200,000 za kuagizia kutoka kwenye bahasha ya karo ya binti yangu, na muhula wa pili ulikuwa unakaribia kufunguliwa.

Jioni nikamweleza shemeji yangu, ambaye ni fundi umeme wa magari pale soko la Kisekka. Alinisikiliza, kisha akauliza swali moja: “Shemeji, mashine imesema sensa imekufa, au imesema haisikiki?”

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Kodi zinazoanza na herufi P huhusu injini na gia, C huhusu mambo kama breki na usukani, B huhusu vifaa vya bodi, na U huhusu mawasiliano. Kwa hiyo kompyuta ya breki haikuwa imepima sensa na kuikuta mbovu. Ilikuwa inalalamika tu kwamba mwenzake amenyamaza. Asiyepokea simu si lazima awe amefariki. Pengine chaji imemwishia.

Magari ya siku hizi yana kompyuta nyingi zinazozungumza kupitia waya mbili zilizosokotwa pamoja. Mfumo huo, uitwao CAN, ulibuniwa na kampuni ya Bosch ya Ujerumani na kutangazwa mwaka 1986. Marekani ikalazimisha magari yake mapya kuutumia kuanzia modeli za 2008. Ulipunguza rundo la waya garini, ila umewapa mafundi kazi ya kumtafuta aliyenyamaza na sababu yake.

Shemeji alianza na betri, kwa kuwa betri dhaifu peke yake huweza kuleta kodi za namna hii. Ilikuwa na volti 12.5 gari likiwa limezimwa, na 14.1 injini ikinguruma. Nzuri.

Kisha akaichomoa betri, akapima kati ya tundu la 6 na la 14 kwenye soketi ile ile ya mashine. Mita ikasoma omu 60. Akatabasamu. Kila mwisho wa waya zile mbili kuna kizuizi cha omu 120, na viwili vikisimama sambamba hutoa 60. Ingesoma 120, upande mmoja umekatika. Ingekaribia sifuri, waya zimegusana. Njia kuu, basi, ilikuwa salama.

Akafungua vifuniko vya chini ya usukani, akarudisha betri na kupima plagi ya sensa. Umeme ulikuwa unafika. Akaweka mita kati ya waya wa ethi wa plagi hiyo na upande hasi wa betri. Hapo panapaswa kusoma karibu sifuri. Pakasoma volti 3, na alipogonga ubavuni, karibu na mguu wa dereva, namba ikarukaruka.

Nyuma ya plastiki ile tulikuta boliti imelegea na kushika kutu. Chini yake kulikuwa na waya mweusi ambao haukutoka kiwandani. Ulikuwa wa alamu niliyofungiwa miezi minne kabla! Aliyeifunga aliilegeza boliti ya ethi, akabana waya wake hapo, akaondoka bila kuikaza vizuri. Kila shimo liliikata sensa pumzi.

Dawa yake ilikuwa kipande cha msasa, spana namba 10 na dakika ishirini. Alamu ikahamishiwa ethi yake. Akafuta kodi, akanyoosha usukani na kuipanga upya sensa kwa mashine yake. Nilimpa Sh40,000 baada ya kubishana naye sana, maana hakutaka.

Nilirudi gereji kudai fedha zangu. Nikaambiwa mzigo umeshafika, haurudishwi. Karo nikailipa kwa mafungu mawili, na bursa wa shule alinitazama kwa namna ambayo sijaisahau.

Hata hivyo, yule kijana simlaumu yeye tu. Sisi wateja tunakataa kulipia saa moja ya kupima, lakini kifaa kilichotoka kwenye boksi tunakilipia bila kunung’unika. Na sensa kweli hufa. Umeme, ethi na waya vikionekana vizima na bado imenyamaza, nunua.

Juni nilikwenda tena Masaka. Shimo la Lwera lilikuwa bado lipo. Nililipitia makusudi, polepole, macho kwenye dashibodi. Hakuna kilichowaka, na nilipofika Lukaya nikanunua kuku wawili, mmoja wa mama.