Jicho Zima, Neva Mgonjwa

Mtu anaweza kupoteza uwezo wa kuona ndani ya siku chache ilhali jicho lenyewe ni zima. Huanza kwa maumivu kila anapoligeuza, rangi nyekundu ikapauka, kisha ukungu ukatanda mbele yake. Daktari akichungulia ndani huenda asione kasoro, kwa sababu uvimbe uko kwenye neva ya jicho iliyo nyuma, nayo ni sehemu ya ubongo. Kinachoishambulia ni kinga ya mwili wa mgonjwa mwenyewe.

Mwaka 1894 Eugène Devic, daktari wa Lyon, Ufaransa, alieleza ugonjwa unaoipiga neva ya jicho pamoja na uti wa mgongo, mgonjwa akapofuka na kupooza. Kwa miongo mingi ulidhaniwa kuwa aina ya maltipo sklerosisi, ugonjwa mwingine wa neva. Mwaka 2004 watafiti wa Mayo Clinic, Marekani, pamoja na wenzao wa Japani, walitangaza kuwa damu ya wagonjwa hao ina kingamwili ya pekee. Mwaka uliofuata ikajulikana kwamba shabaha yake ni akuaporini-4, protini inayopitisha maji katika seli zinazozihudumia neva. Tofauti kati ya magonjwa haya mawili si ya kitaaluma tu. Baadhi ya dawa za maltipo sklerosisi, kama interferoni beta, zinaweza kuuchochea ugonjwa wa Devic, hivyo utambuzi usio sahihi humdhuru mgonjwa.

Wapo watakaosema kwamba ugonjwa huu ni adimu, kipimo chake ni ghali, na hospitali zetu zimeelemewa na mengine. Ni kweli, lakini huwapata zaidi wanawake, na watu wenye asili ya Afrika kuliko Wazungu, kwa hiyo si wa kuachiwa Ulaya. Tena, shaka ya kwanza haihitaji mashine: tochi huonyesha mboni inayosinyaa kivivu, na swali moja hufichua kwikwi au kutapika kulikodumu siku kadhaa bila sababu, dalili nyingine ya ugonjwa huu. Dawa mpya ni ghali mno, lakini steroidi hutuliza shambulio, na azathioprini, dawa ya zamani, husaidia kuzuia jingine. Kila shambulio huweza kuacha ulemavu usioondoka. Basi anayelalamika kuwa jicho linauma na rangi zinafifia apelekwe kwa bingwa siku hiyo hiyo, asirudishwe nyumbani na miwani.