KOROSHO: PUMZI YA JANI HUTOBOA SIRI YA KIANGAZI

Wanunuzi wa korosho wa Masasi na Newala hukisia mavuno kwa kutazama maua. Mkorosho huchanua kati ya Juni na Septemba, mvua zikiwa zimekwisha, na mavuno huanza Oktoba. Zao hutegemea maji yaliyobaki ardhini. Huko Newala, juu ya Uwanda wa Makonde, udongo ni wa kichanga na maji yako chini sana. Anayefunga mtaji wake kwa kutazama maua peke yake anabahatisha.

Wanasayansi wana njia ya kupima kiu ya mti: kaboni. Hewa ya ukaa ina kaboni 12, karibu asilimia 99, na kaboni 13, iliyo nzito kidogo, asilimia 1 hivi. Jani hupendelea ile nyepesi. Maji yakiwapo, vitundu vya jani hufunguka na hewa huingia kwa wingi. Jani huchagua, kama mnunuzi aliyeletewa mzigo tele anavyochukua daraja la kwanza tu. Ukame ukizidi, jani hufunga vitundu ili lisipoteze maji. Hewa ya ndani hupungua, hivyo jani huchukua na ile nzito. Sukari ya siku hizo hubeba alama hiyo.

Usiku jani hupumua kwa kuunguza sukari. Hewa linayotoa hueleza hali ya siku chache zilizopita, na jani lililokaushwa hueleza kipindi chote lilipokuwa likikua. Ila pumzi hiyo hubadilika kadiri giza linavyoendelea, hivyo vipimo vya kulinganishwa sharti vichukuliwe saa ileile.

Kipimo hufaa kwa mkorosho, muhogo na karanga. Mahindi na mtama hunasa hewa kwa njia nyingine, na alama yake ni hafifu.

Nchini Australia kipimo hiki kimezaa bidhaa. Mbegu ya ngano ya Drysdale, iliyochaguliwa kwa njia hiyo, ilitolewa mwaka 2002 kwa ajili ya mashamba makavu.

Kwa mwekezaji mdogo, kipimo hiki hakitabiri ubwiri unga wala bei ya mnada wa stakabadhi ghalani. Faida yake iko kwenye miche, kwa kuwa mkorosho ukishapandwa huuzwa mazao yake kwa miaka mingi. Lakini mti unaobana maji mara nyingi hukua taratibu hata mvua zikiwa nzuri. Kabla ya kununua miche, mwekezaji aulize kwanza shamba lake hukauka kiasi gani.