Kimya cha Sifuri: Uteuzi wa Msimbo wa Laini katika Saketi za Data

Katika ushairi wa kimapokeo, mizani ikipotea msikilizaji naye hupotea. Saketi za dijitali nazo zina mizani yake. Data husafiri kwa tarakimu mbili tu, moja na sifuri, na mashine pokezi hubaini mwendo wa biti kutokana na mapigo ya umeme yanayoifikia.

Saketi za T1, zilizoanza kutumika Marekani mwaka 1962, hubeba biti 1,544,000 kwa sekunde. Msimbo wake wa awali ni AMI: kila moja huwa pigo, chanya na hasi kwa zamu, ilhali sifuri huwa kimya. Mapigo mawili ya aina moja yakifuatana, hitilafu hubainika. Hata hivyo, sifuri nyingi zikiandamana, mashine pokezi hupotelewa na mwendo na kuhesabu biti visivyo.

Kwa mazungumzo ya simu dawa ilikuwa nyepesi: katika kila kundi la sifuri nane, moja iligeuzwa kwa nguvu. Sikio halikutambua. Data haivumilii hilo, kwani biti moja ikigeuka, hesabu ya fedha nayo hugeuka. Kwa hiyo njia ya biti 64,000 aghalabu ilibeba biti 56,000 tu za data.

Msimbo wa B8ZS uliondoa hasara hiyo. Sifuri nane zinazoandamana hubadilishwa kwa ruwaza inayokiuka kanuni ya zamu kimakusudi. Mashine pokezi huutambua ukiukaji huo na kuzirejesha sifuri. Katika saketi za E1 za biti 2,048,000, zilizoenea Ulaya na Afrika, HDB3 hufanya vivyo hivyo kwa kila sifuri nne. Ni mithili ya inkisari na mazida: neno hufupishwa au kurefushwa ili mizani idumu, na ajuaye kanuni haupotezi maana.

Asiyeijua je? Upande mmja ukiwekwa B8ZS na wa pili AMI, ruwaza hiyo husomwa kama makosa na data huharibika. Hatari zaidi ni kuwa kasoro hujificha: data yenye moja nyingi hupita salama, na saketi hudhaniwa kuwa nzima hadi sifuri ziandamane. Hivyo basi, fundi hana budi kuhakikisha kwamba ncha zote mbili, na vifaa vyote vya kati, vina msimbo mmoja, kisha aijaribu saketi kwa misururu mirefu ya sifuri. Uhuru wa kukiuka kanuni hufaa pale tu msemaji na msikilizaji wameafikiana.