Tochi Itakayokufaa Usiku

Mkulima, kazi yako haimaliziki jua likitua. Ng'ombe huweza kuzaa usiku wa manane, fisi huja kunusa zizi la mbuzi, na zamu ya maji pengine hukufikia kabla ya mapambazuko. Tena kuna nyoka aitwaye kifutu. Huyu hakimbii asikiapo nyayo zako, bali hulala tuli njiani, na rangi yake ni kama ya majani makavu. Asiye na taa aweza kumkanyaga. Kwa hiyo tochi ni chombo cha kazi kama jembe na panga, nayo yataka kuchaguliwa kwa akili.

Siku hizi tochi nyingi madukani ni za LED. Tochi za zamani zilikuwa na balbu yenye uzi mwembamba. Umeme uliupasha uzi huo moto mpaka ukang'aa, na sehemu kubwa ya nguvu ya betri ilipotea kwa joto. Tochi ikianguka, mara nyingi uzi ulikatika. LED haina uzi. Ni kipande kidogo kigumu kinachotoa mwanga umeme unapopita ndani yake. LED nyekundu ilionyeshwa huko Marekani mwaka wa 1962, lakini mwanga mweupe ulingoja mpaka wataalamu wa Japani walipopata LED ya buluu yenye nguvu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Buluu hiyo hufunikwa kwa dawa ya manjano, na macho yetu huona mwanga mweupe. Kwa kazi hiyo Akasaki, Amano na Nakamura walipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2014.

Basi, ikiwa LED ni imara hivyo, mbona tochi nyingi hufa upesi? Ni kwa sababu LED ni sehemu moja tu ya tochi. Mara nyingi kinachoharibika ni swichi, waya au betri. Ripoti ya watafiti iliyotolewa mwaka wa 2010, baada ya kuwahoji watu wa Kericho, Brooke na Talek, ilionyesha ya kuwa wengi mno wa wenye tochi za LED walipata taabu za namna hiyo. Kwa hiyo usinunue mwanga peke yake. Nunua tochi nzima.

Maandishi ya kwenye boksi

Wingi wa mwanga hupimwa kwa lumeni. Mshumaa mmoja hutoa lumeni 12 hivi. Kwa njia ya kwenda zizini, lumeni 30 mpaka 50 zatosha. Kwa kutazama ng'ombe au kumulika shamba, 100 mpaka 200 zafaa. Ukiona tochi ya bei ndogo imeandikwa maelfu ya lumeni, usiamini.

Viwanda vingi hufuata kipimo cha Marekani cha mwaka wa 2009 kiitwacho FL1. Katika kipimo hicho, saa za kuwaka huhesabiwa mpaka mwanga ushuke kufika sehemu moja ya kumi ya ule wa mwanzo. Basi tochi ya "saa 10" haitawaka kwa nguvu ile ile saa zote 10. Nao umbali wa mita hupimwa mpaka pale ambapo mwanga ni hafifu kama wa mbalamwezi.

Tazama pia herufi IP. IPX4 maana yake tochi huvumilia maji ya kurushwa, kama mvua. IP67 maana yake haiingii vumbi, na yaweza kuzama katika maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30.

Betri

Betri kavu, yaani mawe ya tochi, hupatikana karibu kila duka. Zikiisha, wabadili mara moja na kuendelea na kazi. Usichanganye mpya na kuukuu, na uzitoe ukiweka tochi muda mrefu, kwa sababu huvuja na kula vyuma vya ndani.

Tochi nyingi rahisi za kuchaji zina betri ya risasi na asidi. Betri ya namna hii ikiachwa tupu kwa wiki kadhaa huharibika. Ichaji mara baada ya kuitumia.

Betri ya lithiamu ni nyepesi na hukaa na nguvu muda mrefu. Ile iitwayo 18650 ina upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65. Nyingi zilizo nzuri hubeba kati ya mAh 2,000 na 3,500. Iliyoandikwa mAh 9,900 ni ya uongo. Usiichaji karibu na kitanda wala nyasi kavu, na usiitupe motoni.

Jaribu kabla ya kulipa

1. Washa na kuzima mara 20. Swichi ikisita, iache.
2. Igonge taratibu kwa kiganja ikiwa inawaka. Mwanga ukipepesa, kuna waya uliolegea.
3. Fungua kifuniko. Utazame kama kuna mpira wa kuzuia maji, na kama springi haina kutu.
4. Iwashe dakika chache. Tochi yenye mwanga mkali yataka mwili wa chuma wa kutoa joto, kwa maana joto likikwama ndani hupunguza maisha ya LED.
5. Tafuta kibandiko cha Shirika la Viwango la Kenya, na umwombe mwenye duka risiti na ahadi ya kuibadilisha ikiharibika.

Fanya hesabu pia. Tochi ya shilingi 200 inayokufa kila baada ya miezi miwili itakugharimu shilingi 1,200 kwa mwaka. Ya shilingi 800 ikidumu miaka miwili ni shilingi 400 tu kwa mwaka, nayo haitazimika mkononi wakati ndama amekwama.

Ukiisha kununua, iweke mahali pamoja siku zote, ili kila mtu wa nyumbani aipate gizani. Weka na betri za ziada karibu nayo. Akiba haiozi.