Bangi ya Dawa: Mgonjwa wa Thika Aende Wapi?

Familia nyingi za Pwani zina watoto wanaosoma Thika na jamaa waliohamia Ruiru, na kwa njia hiyo swali limetufikia: je, yako huko maduka yenye ruhusa ya kuuza bangi kama dawa? Twajibu mapema, kabla ya mtu kupoteza fedha au uhuru wake. Hayako, si Thika, si Ruiru, wala kwengine Kenya. Anayeuza mafuta au biskuti kwa jina hilo hana idhini ya Bodi ya Dawa na Sumu, na mama anayemnunulia mwanawe hajui kilichomo chupani.

Sheria ni ya mwaka 1994, ikarekebishwa 2022. Kupatikana na bangi ni kosa, hata ikiwa ni ya kutumia mwenyewe. Lakini sheria hiyo hiyo imeacha mlango mwembamba: dawa ya kulevya yaweza kushikwa kwa ajili ya tiba, kwa cheti cha daktari. Ndio mlango unaopitisha mofini, itokanayo na afyuni, hadi kwa mgonjwa wa saratani aliyelemewa na maumivu. Wala hakuna aliyelazimika kufungua kibanda cha afyuni katika stendi ya Thika ili mofini ipatikane.

Dhulma tunayoiona ni hii. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha Epidiolex, dawa ya maji itokanayo na kiini cha bangi kisicholevya, kwa wagonjwa wa aina mbili kali za kifafa cha utotoni. Mwenye uwezo aweza kuifuata tiba hiyo ng'ambo. Asiye nacho huachiwa mwuzaji wa kichochoroni, na akikamatwa, husimama kizimbani kama mlanguzi yeyote. Mwaka huo huo marehemu Ken Okoth, mbunge wa Kibra, alitaka uandikwe mswada wa kuhalalisha ukulima na matumizi ya bangi. Saratani ikamchukua Julai 2019. Hatukuafikiana naye katika kuifungulia milango yote, ila maradhi yalimpa haki ya kusikilizwa. Ilipofika 2022, Profesa George Wajackoyah akaifanya bangi kuwa ajenda ya kugombea urais, watu wakacheka, na mgonjwa akasahauliwa.

Kwa upande wa dini, kilevi ni haramu, na hashishi wanazuoni wameikemea kwa karne nyingi. Hata hivyo, mafakihi wa madhehebu ya Shafii walijadili kumpa mtu banji anapokatwa kiungo kilichooza, wakaona haja hiyo ina ruhusa yake. Asiichukue mzazi hii kuwa fatwa. Na amwendee shekhe wake pamoja na daktari.

Tunachodai ni kidogo: Bodi izichunguze dawa chache za namna hiyo, izisajili, zitolewe na mfamasia wa hospitali ya umma kwa cheti cha bingwa, zihesabiwe kama mofini inavyohesabiwa, na bima ya SHA izilipie. Duka la barabarani hatulitaki, wala mama wa mtoto mgonjwa kutiwa pingu.

Kwa sasa, wenye mtoto wa kifafa wajue kuwa wagonjwa wengi hutulizwa na dawa za kawaida, nyengine za bei nafuu. Zisikatizwe ghafla ili kujaribu mafuta ya mtaani. Mtoto aweza kuanguka vibaya kuliko awali.