Fumbo la madaraja 7 linavyosoma DNA yako

Kama uliwahi kukaa darasani ukajiuliza hesabu hizi zote ni za nini, hebu soma hii.

Mji wa Königsberg, ambao leo ni Kaliningrad nchini Urusi, ulikuwa na madaraja 7 na fumbo moja: unaweza kuyapita yote, kila moja mara moja tu? Mwaka wa 1736 mwanahisabati Leonhard Euler alijibu kwamba haiwezekani. Hakujali umbali wala umbo la mji. Aliangalia tu nini kimeunganishwa na nini. Hapo ndipo ilipozaliwa hisabati ya grafu, yaani nukta na mistari inayoziunganisha.

Sasa twende maabara. DNA ya binadamu ina herufi takriban bilioni 3, na mashine nyingi haziwezi kuisoma kwa mkupuo mmoja. Huikatakata na kusoma vipande vifupi, mara nyingi vya herufi 150 hivi. Ni kama mtu ararue nakala kadhaa za gazeti moja, kisha akwambie: haya, nisomee ukurasa wa tatu.

Unaweza kufanya kila kipande kiwe steji ya matatu, kisha utafute safari inayopita kila steji mara moja. Inaonekana simpo, ila steji zikifika mamilioni, maji yanazidi unga hata kwa kompyuta. Mwaka wa 2001 Pavel Pevzner, Haixu Tang na Michael Waterman waliligeuza swali: kipande kisiwe steji, kiwe barabara. Chukua ATG, TGG na GGC. ATG ni barabara ya kutoka AT hadi TG, TGG inatoka TG hadi GG, na GGC inatoka GG hadi GC. Pita kila barabara mara moja na unapata ATGGC. Si hilo ni fumbo la Euler? Na kompyuta hulimaliza chap chap, ingawa sehemu za DNA zinazojirudia bado huisumbua.

Kuunganisha ni nusu ya kazi tu. Kwa miaka mingi, DNA ya wagonjwa imelinganishwa na ramani moja iliyonyooka, ambayo takriban asilimia 70 yake ilitoka kwa mtu mmoja, mwanamume wa Marekani. Ukiwa na kipande ambacho ramani hiyo haina, kompyuta haioni pa kukiweka. Na kama ndicho kinachoeleza ugonjwa wako, pole.

Mei 2023 watafiti walitoa ramani mpya ya grafu iliyotokana na watu 47. Tunapofanana, njia ni moja. Tunapotofautiana, inagawanyika halafu inakutana tena mbele. Lengo ni kufikia watu 350.

Kwetu hili si jambo la mbali. Waluhya wa Webuye walishatoa sampuli zilizotumika katika mradi wa 1000 Genomes, na Afrika ndiko tofauti za DNA ni nyingi kuliko kwingine kote duniani. Grafu ya watu 350 bado ina nafasi kubwa ya barabara zetu.