Frank Robinson, Meneja Aliyetazama

"Mjomba, meneja wa besiboli anafanya kazi gani? Mbona hapigi, hadaki, hakimbii?"

Swali zuri hilo! Njoo, kaa hapa karibu. Wengi wanautazama mpira tu. Wewe umemwona mzee aliyeketi benchi, na huyo ndiye mwenye hadithi yetu ya leo.

Kwanza mchezo wenyewe. Mrushaji anarusha mpira kwa kasi. Mpigaji anausubiri na gongo lake. Akiupiga vizuri, anakimbia. Kuna vituo vinne, na cha nne ndicho pale pale alipoanzia. Akivizunguka vyote, timu imepata pointi. Akiupiga mpira ukavuka uzio, anazunguka polepole, kwa raha zake. Hakuna wa kumgusa.

Na meneja? Umewahi kumwona mpishi mkuu kwenye shughuli ya harusi? Hamenyi vitunguu saumu. Hakati nyama. Amekaa kwenye kibao chake, anatazama. Sufuria hii moto umezidi, toeni kuni. Wewe umechoka, mpe mwenzako mwiko. Pilau likiharibika, lawama ni yake. Meneja naye ni hivyo. Anachagua nani aanze, nani arushe, na lini mrushaji aliyechoka atolewe.

Sasa msikie Frank Robinson.

Alizaliwa mwaka 1935 huko Beaumont, Texas, nchini Marekani. Alikuwa kitinda mimba katika watoto kumi. Alikulia Oakland, California. Shuleni alicheza mpira wa kikapu timu moja na Bill Russell, ambaye baadaye, mwaka 1966, alikuja kuwa kocha mkuu wa kwanza mweusi katika ligi kuu ya kikapu Marekani. Watoto wawili, shule moja! Mimi nikikumbuka hilo hufurahi kila mara.

Mwaka 1956 Frank aliingia ligi kuu ya besiboli na timu ya Cincinnati. Msimu wake wa kwanza tu, mipira 38 ilivuka uzio. Alisimama karibu sana na njia ya mpira, kana kwamba haogopi. Warushaji walimpiga nao mara nyingi. Alianguka, akainuka, akasimama pale pale. Na kila aliporudi benchi, Frank alitazama, akaweka akilini. Mrushaji huyu anapenda kona ipi? Yule mdakaji anasimama wapi?

Mwisho wa mwaka 1965 Cincinnati wakamtoa kwa timu ya Baltimore. Alikuwa na miaka 30, nao wakaona ameanza kuzeeka. Alikuwa mzee kweli? Tumuulize mpira mmoja, maana ulikuwepo.

"Mimi ni mpira," unasema. "Ngozi yangu nyeupe, nyuzi zangu nyekundu. Tarehe 8 Mei 1966 nilitoka mkononi mwa Luis Tiant, mrushaji hodari kweli kweli. Mara, paa! Nikapaa. Nikavuka uzio. Nikavuka na viti vya watazamaji. Nikatua nje kabisa, kwenye maegesho ya magari! Hakuna mwenzangu aliyewahi kupigwa akatoka nje ya uwanja ule wa Baltimore. Wakasimamisha bendera pale nilipopitia. Iliandikwa neno moja tu: Hapa."

Huyo ndiye mzee wao! Mwaka huo Frank aliongoza ligi yake kwa wastani wa kupiga, kwa mipira 49 iliyovuka uzio, na kwa pointi 122 alizoiletea timu. Baltimore wakawa mabingwa. Frank akawa mchezaji wa kwanza kutajwa bora katika ligi zote mbili zinazounda ligi kuu, ile ya Cincinnati na hii ya Baltimore.

"Basi mjomba, wakampa umeneja?"

Hapana, mwanangu. Hakukuwa na meneja mweusi hata mmoja.

"Sheria ilikataza?"

Hakukuwa na sheria iliyoandikwa. Wenye timu hawakuwachagua, basi. Walifurahia miguu ya mtu mweusi ikikimbia, lakini hawakumwamini kwa kazi ya kufikiri na kuamuru. Ilikuwa dhuluma, nami siwezi kuipaka asali.

Frank alifanya nini? Majira ya baridi, wenzake wakipumzika, yeye alikwenda Puerto Rico kuwa meneja wa timu ya Santurce. Alianza mwaka 1968, bado mchezaji nyota Baltimore. Alikwenda tena, na tena. Kule alijifunza kumtoa mtu mchezoni bila kumvunja moyo. Hakungoja kuitwa ndipo ajifunze. Alitazama, akaweka akilini.

Yuko mwingine aliyekuwa akingoja. Jackie Robinson, ambaye si ndugu yake Frank, ndiye aliyevunja mpaka uliowafungia weusi nje ya ligi kuu, mwaka 1947. Oktoba 1972, akiwa mgonjwa, alisema mbele ya umati kwamba anatamani kuona meneja mweusi. Siku tisa baadaye akafariki.

Tarehe 8 Aprili 1975, siku ikafika. Mji ni Cleveland. Watu zaidi ya 56,000 wamejaa uwanjani. Rachel, mjane wa Jackie, ndiye aliyerusha mpira wa ufunguzi. Na meneja wa Cleveland ni Frank Robinson, meneja wa kwanza mweusi wa ligi kuu. Tena siku hiyo alikuwa mchezaji pia! Akashika gongo. Mara yake ya kwanza kupiga, mpira ukavuka uzio. Cleveland wakashinda 5 kwa 3.

"Halafu akashinda siku zote?"

La. Cleveland walimwachisha kazi mwaka 1977. Baadaye aliongoza timu za San Francisco, Baltimore, na Montreal, ile iliyohamia Washington mwaka 2005. Alifariki mwaka 2019, akiwa na miaka 83. Alipopiga, mipira 586 ilivuka uzio katika maisha yake ya uchezaji.

"Mjomba, wewe unapenda lipi zaidi? Ile mipira 586?"

Ninyi watoto mnaniulizia pale pale ninapopenda! Napenda jambo jingine. Mwaka 1988 Baltimore walianza msimu kwa kufungwa mechi sita mfululizo. Wakamwita Frank. Wakafungwa ya saba. Ya nane. Ya tisa. Wakafika mechi 21 bila kushinda hata moja, na nchi nzima ikiwacheka. Mechi 15 kati ya hizo Frank alikuwa pale benchi, yeye bingwa, akiwapanga upya vijana wake kila siku. Mwaka uliofuata timu hiyo ilishinda mechi 87, ikapigania nafasi ya kwanza ya kundi lake hadi siku za mwisho za msimu, na Frank akachaguliwa meneja bora wa ligi yake. Kwangu mimi, msimu ule wa 1989 ni mkubwa kuliko ile mipira yote 586.